Aliyelala Kitanda cha Dirishani

Nyie mlionitumia ujumbe wiki nzima mkiapa kwamba yule bibi chini ya blanketi ni maiti, tulieni. Yuko hai. Na wewe uliyebashiri kwamba Kitinda atazimia, inaonekana hujawahi kufanya kazi kwenye tanuri la mikate. Watu wa tanuri hawazimii ovyo.

Aliyechelewa nampakia haraka, ajishikilie. Kitinda ni binti wa mwisho wa mama mmoja mgonjwa wa sukari, ambaye kaka mkubwa alimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Leo si siku ya wageni. Lakini aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyo alimnong'oneza Kitinda pale kiwanda cha mikate: “Kamwone mama yako leo, usingoje Jumapili.” Basi akapanda gari la mikate, akaingia kwa mlango wa jikoni na kreti kichwani, akapenya hadi chumba cha kina mama. Pale dirishani, kitandani kwa mama yake, akaliona gauni la kijani alilomshonea mwenyewe. Akashika ncha ya blanketi, akafunua.

Sura iliyomgeukia haikuwa ya mama yake.

“Wewe ni nani?” Kitinda aliuliza.

Bibi alimtazama kwa macho yaliyolegea. Midomo ikacheza, neno lisitoke.

“Bibi, shikamoo. Nakuuliza kwa heshima. Hilo gauni ni la mama yangu. Yuko wapi?”

Bibi akalikumbatia gauni kifuani kwa mikono miwili, akitetemeka, kana kwamba Kitinda amekuja kumvua.

Kitinda akapita kitanda kwa kitanda akiangalia nyuso. Hakumwona. Shuka zote zilikuwa mpya, bado zina mikunjo ya dukani, na sakafu ilinukia dawa hadi macho yanawasha. Kitanda kimoja tu kilikuwa kitupu, kile cha kwenye kona, penye ukuta wenye ukungu. Kilikuwa kimetandikwa vizuri na juu yake pamewekwa maua ya plastiki.

Mlango ukasukumwa. Muuguzi akaingia na toroli la dawa, akashtuka.

“We dada! Umeingiaje? Leo hakuna wageni!”

“Mama yangu yuko wapi?”

“Mama yako yupi?”

“Wa kitanda hiki!”

“Dirishani?” Muuguzi alinyoosha kidole bila hata kuinua macho. “Si huyo amelala? Uji amekunywa, sindano nimemchoma mwenyewe asubuhi. Toka basi, Matroni asije akakukuta, tutaponzeka sote.”

Hapa nisimame kidogo, maana mnaweza kudhani Dirishani ni jina la mtu. Ndani ya nyumba ile mzee akishavuka mlango, jina lake linabaki nje pamoja na viatu. Anaitwa kwa kitanda chake. Dirishani, Mlangoni, Kona, Chini-ya-Feni. “Mlangoni amejikojolea.” “Chini-ya-Feni hajala.” Dawa inafuata kitanda, uji unafuata kitanda, na matusi vilevile.

“Umemchoma sindano gani?” Kitinda aliuliza, na sauti yake ilianza kupanda.

“Ya sukari. Sindano ya Dirishani, kila siku.”

“Huyu si Dirishani!”

Muuguzi akacheka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aamke, akamtazama usoni mgonjwa wake. Kicheko kikamkauka.

“Huyu ni Kona,” alisema polepole. “Mungu wangu. Kona hana ugonjwa wa sukari.”

Akamgusa shingoni. Jasho lilikuwa limelowesha mto, na jasho lenyewe la baridi. Mikono ya bibi ilitetemeka, macho yakaanza kupanda juu.

“Sukari inamshuka! Bibi! Bibi, nisikie! Meza mate, nione… Haya, bado anameza. Dada, leta kitu kitamu, chochote kile! Glukosi imo kabatini na ufunguo anao Matroni. Kimbia!”

Kitinda akatoka mbio hadi ukumbini, akasimama.

Kushoto kulikuwa na njia ya kwenda uani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo hajatazama. Kulia kulikuwa na ofisi. Alikuja kumtafuta mama yake, hakuja kumwokoa mama wa mtu. Kila dakika angeweza kukamatwa na kutupwa nje ya geti. Ningekuwa mimi sijui ningekimbilia wapi, na wewe usinidanganye kwamba unajua.

Akajilaani, akaenda kulia.

Ofisini meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha maua. Soda, biskuti, matunda yaliyokatwa na kufunikwa. Nyuma yake alisimama Matroni, mama mnene wa sauti laini, bunda la funguo likining'inia kiunoni. Wazee walimwita Funguo, lakini akiwa mbali.

“Hizo ni za mgeni!” Matroni alimaka Kitinda alipodaka chupa.

“Kuna mtu anakufa kule!”

“Leo hapa hafi mtu. Mkaguzi yuko njiani.”

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza chumvi. Akamdaka Kitinda mkono wa blauzi. Kitinda akajivuta, mshono ukaachia, na Matroni akabaki ameshika kitambaa. Kizibo cha soda Kitinda alikitoa kwa meno akiwa bado anakimbia.

Wakamwinua bibi, wakamnywesha kidogokidogo. Funda la kwanza likamwagika kidevuni. La pili likapita.

“Taratibu asije akapaliwa,” muuguzi alisema. “Dada, naapa sikujua. Ninao wazee chumba hiki na kile, peke yangu. Nafika kitandani, nachoma, napita. Wa dirishani huwa namchoma bila kumtazama usoni.”

“Hujawahi kumtazama mama yangu usoni?”

Muuguzi akamfuta bibi kidevu.

Simu ya Kitinda ikalia. Kaka mkubwa!

“Kitinda, unatuaibisha. Matroni amenipigia, anasema umevamia na kupora soda.”

“Kaka, mama hayupo.”

“Hayupo vipi? Angalia msalani.”

“Kitandani kwake kuna mtu mwingine! Amevaa gauni lake!”

“Wamebadilishana nguo hao, wazee ndivyo walivyo. Mama yuko mikono salama. Rudi kazini kwako. Mimi niko kwenye kikao.”

Akakata. Kikao cha bwana huyu hakijawahi kuisha tangu hadithi hii ianze, na wakati wa wazazi kugawa radhi mtamwona yuko mstari wa mbele.

Kitandani, bibi alivuta pumzi ndefu. Mtetemo ukapungua. Macho yakarudi mahali pake, yakatua kwenye mkono wa Kitinda uliobaki wazi, kwenye kovu la moto wa tanuri.

“Wewe ndiye Kitinda,” alisema. “Wa mikate. Alisema nitakujua kwa hilo kovu.”

“Bibi, mama yuko wapi? Tafadhali.”

“Amekwenda nyuma. Badala yangu.”

“Nyuma wapi? Badala yako vipi?”

Bibi alitazama mlangoni kwanza. Alipozungumza, alizungumza kwa kunong'ona na kwa haraka, na mkono wa Kitinda hakuuachia.

“Jana Matroni alipita chumba kwa chumba akinusa vitanda. Wenye vidonda mgongoni tunanuka, mwanangu, hatugeuzwi. Mkaguzi akija tunafichwa nyuma, asituone wala asitusikie harufu. Akaniangalia akasema, Kona aende. Mimi nimeshawahi kupelekwa huko mara moja. Tulifungiwa na jua lile bila tone la maji. Tulipofunguliwa hatukurudi wote.”

“Mama akafanya nini?”

“Nililia. Nikamwambia mwenzangu, safari hii sirudi. Kumbe hakulala. Kabla hakujapambazuka vizuri akaja na fimbo yake, akanivalisha gauni lake, akanilaza juu ya shuka, akanivuta sakafuni mpaka hapa dirishani. Kidogo kidogo, tukipumzika, kama wezi wenye miguu mibovu. Tulicheka hata. Fimbo akaificha chini ya godoro hili, akaenda akishikilia vitanda kulala pale kwenye kona, akajifunika gubigubi. Wahudumu wa leo ni wageni, wameletwa kwa ajili ya mkaguzi tu. Wakauliza kona ni wapi, wakabeba aliyelala kwenye kona.”

“Lakini kwa nini?” Kitinda alilia sasa, waziwazi. “Yeye mwenyewe mgonjwa! Kwa nini?”

“Nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia, wewe ukipelekwa kule hakuna atakayekuja kukuulizia. Mimi nina binti. Atakuja.”

Jamani. Huyo binti anayesemwa, Jumapili zote za karibuni alikuwa akituma salamu. Tanuri haliachwi, mwili umechoka, wiki ijayo nitakwenda. Mama yake aliyajua yote hayo, na bado akaweka roho yake rehani kwa jina la mtu huyohuyo. Na wewe uliyeshika gazeti hili, mama yako ulimpigia lini?

Kitinda akajifuta uso kwa kiganja.

“Nyuma ni wapi?” alimgeukia muuguzi. “Sema!”

“Chumba cha zamani cha kufulia. Kina bati juu na mlango wa chuma.” Muuguzi alikuwa amebadilika rangi. “Dada, mama yako hajachomwa sindano leo. Sukari yake inapanda tu. Bila sindano, bila maji, kwenye joto la mle ndani…”

“Malizia!”

“Hawezi kukaa mpaka jioni.”

“Twende ukafungue.”

“Ufunguo anao…”

Honi ikalia getini. Mkaguzi!

Msifurahi mapema. Kitinda ndiye alifurahi, akasema moyoni Mungu si Athumani, akajipanga kusema kila kitu.

Mkaguzi alikuwa mwanamume nadhifu, mpole, mwenye kalamu mfukoni na haraka miguuni. Aliingia huku Matroni akimwonyesha dari mpya. Sauti ya Matroni sasa ilikuwa asali tupu.

“Na hapa ni kina mama zetu. Kama unavyoona, usafi tunaupa kipaumbele.”

“Mheshimiwa!” Kitinda alimkingia njia. “Kuna wazee wamefungiwa nyuma, kwenye chumba cha kufulia! Mama yangu yumo! Ana sukari, hajapata sindano! Nakuomba ukafungue sasa hivi!”

Mkaguzi alimtazama: nywele timutimu, blauzi imechanika, unga hadi kwenye nyusi.

“Huyu ni nani?”

“Ah, msamehe,” Matroni alisema kwa huzuni ya kupendeza. “Binti ana msongo wa mawazo. Kaka yake amenipigia sasa hivi kuniomba radhi. Mama yake ni huyu hapa, Dirishani.”

“Mwongo! Huyu si mama yangu! Muuguzi, mwambie! Mwambie ulichoniambia!”

Muuguzi akafungua mdomo.

“Muuguzi,” Matroni aliwahi, bado anatabasamu, jicho kwenye ile chupa ya soda kando ya mto, “dawa za leo zote zimekwenda sawasawa, siyo? Hakuna aliyechomwa sindano isiyo yake?”

Toroli lilikuwa na sindano tupu juu yake, na muuguzi aliitazama hiyo. Ana watoto huyu kijana, ana leseni yake.

“Sawasawa,” alisema.

Kitinda hakungoja kusikia zaidi. Akaruka hadi kitandani.

“Basi tazama mgongo wake! Mtazame mwenyewe, uone vidonda! Hivyo ndivyo vinavyofichwa!”

Akashika ncha ya blanketi, kwa mara ya pili asubuhi ile.

“Weee!” Matroni alipaza sauti. “Unamvua mtu mzima nguo mbele ya mwanamume? Huna haya? Huna mama wewe?”

Mkaguzi akageuza uso papo hapo, akaangalia ukutani. Mwana aliyelelewa vizuri huyo, wala simlaumu kwa adabu zake. Ila siku ile adabu zake zilikuwa kufuli jingine kwenye mlango ule.

“Funika, binti, funika,” alisema akiwa amewapa kisogo. “Hayo si mambo ya kufanya. Nitamuuliza mwenyewe.” Akangoja blanketi lirudi, ndipo akainama kwa heshima. “Shikamoo bibi. Huyu binti anasema wewe si mama yake. Hebu tuambie wewe.”

Chumba kizima kiligeuza vichwa. Mlangoni akajiinua kwa kiwiko, Chini-ya-Feni akajiinua.

Matroni alisogea akawa anaunyoosha mto wa bibi. Funguo zililia karibu kabisa na sikio lake.

Kitinda akapiga magoti. “Bibi, sema ukweli. Sema tu. Amekubeba, bibi. Kwa ajili yako yuko kule.”

Bibi alimtazama mkaguzi. Akazitazama funguo. Akamtazama Kitinda muda mrefu, na machozi yakamtoka kwa wingi.

“Ni mwanangu,” alisema.

“Bibi!”

“Ni binti yangu. Huja kunitazama. Ni wangu.”

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika alichoandika. “Pole, mama. Vijana wana mawazo mengi siku hizi.” Akamgeukia Kitinda: “Mpeleke mama yako nje kidogo apate hewa, moyo utatulia.” Kisha akauliza kama choo ni upande ule, Matroni akasema ndiyo, karibu, na baada ya hapo kuna kinywaji baridi.

Wakatoka.

Ninyi mnaomlaani bibi, subirini kwanza mfungiwe pale alipofungiwa. Mimi namlaani pia, sifichi, lakini kila nikimlaani ulimi unakuwa mzito.

Kitinda hakuwa na nafasi ya kumlaani mtu. Alikuwa amesimama akihema. Bibi akapapasa chini ya godoro, akatoa fimbo ya mama yake Kitinda, akamsukumia.

“Nenda,” alisema, bila kuthubutu kumtazama. “Nenda, yeye alisema utakuja.”

Kitinda akaichukua, akatoka mbio kupitia jikoni. Muuguzi alimwita, hakugeuka. Akapita kamba za nguo, shuka za zamani zenye madoa zimeanikwa mahali ambapo mkaguzi hafiki. Akapita mapipa. Nyuma kabisa, ukutani, ndipo kilipokuwa chumba chenyewe, kidogo, bila dirisha. Bati lilikuwa linawaka. Alipougusa mlango wa chuma, kiganja kikaruka, na kiganja hicho kimezoea tanuri.

Kufuli lilikuwa kubwa kuliko ngumi yake. Akaingiza fimbo kwenye pete ya kufuli, akaning'inia kwa uzito wake wote. Fimbo ikalia, ikakatika vipande viwili. Akachukua jiwe, akapiga, akapiga, ngozi ya vidole ikachubuka. Kufuli halikujua kama linapigwa.

“Mlinzi!” alipiga kelele. “Yeyote! Jamani, njooni mnisaidie!”

Upande wa mbele wa nyumba, mlango wa gari ukafungwa. Sauti ya Matroni ikasikika ikiaga, karibu tena, karibu sana. Injini ikawaka.

Kama atakimbia kulizuia gari, huenda akaliwahi. Na kama wazee hawamo humu? Kama muuguzi amedanganya na hili pia? Kitinda akalala chini kifudifudi, akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango. Harufu iliyotoka humo ilimfanya afumbe macho.

“Mama!” aliita.

“Naam, mwanangu!”

Moyo ukamruka. Lakini sauti haikuwa yenyewe.

“Naam! Niko hapa, mwanangu!” Nyingine, nyembamba, kutoka mbali kidogo.

“Umekuja? Umekuja kweli?”

“Baba yupo! Mwanangu, na baba yako yupo huku!”

“Nasikia, mwanangu, nasikia! Nilijua utakuja!”

Walikuwa wanaitika wote. Kila mmoja gizani mle alidhani ni wa kwake aliyefika. Vidole vikatokeza chini ya mlango, vikavu, vinapapasa vumbi. Kitinda akavishika kimoja kimoja akilia, akitafuta pete ya mama yake. Hakuiona.

“Mama Kitinda!” aliita kwa nguvu zote. “Namtafuta Mama Kitinda! Wa fimbo! Yumo humo?”

Sauti zikafifia moja baada ya nyingine. Waliokuwa wameitika walikuwa wanaelewa, na kimya chao kiliuma kuliko kuitika kwao.

Gari la mkaguzi likatoka getini.

“Yumo,” ile sauti ya kwanza ikasema, hapohapo nyuma ya chuma. “Huyu hapa nimempakata. Tangu asubuhi anatutuliza, msilie, binti yangu yuko njiani.”

“Mwambie nimefika! Bibi, mwambie Kitinda amefika, yuko hapa mlangoni!”

Ndani pakasikika mnong'ono. Kisha kiganja kikipigapiga shavu la mtu, taratibu, halafu kwa nguvu zaidi.

“Nimemwambia, mwanangu,” sauti ikasema. “Haitiki.”